“Damu yake iko ngapi?” Vipimo vya kando ya kitanda kwa majeruhi mahututi

Mtu anapofikishwa hospitalini hapa Mombasa akiwa ameumia vibaya, awe amegongwa na lori njia ya Mariakani, ameanguka na bodaboda Nyali au ameporomoka kutoka ghorofa inayojengwa Tudor, swali la kwanza la jamaa waliojazana nje ya kitengo cha dharura huwa ni lile lile: “Damu yake iko ngapi?” Muuguzi hutaja namba, tuseme 12, na jamaa hushusha pumzi, kwa kuwa wengi wao wamekwisha kusikia kwamba 12 ni damu ya kutosha. Nusu saa baadaye mgonjwa huyo huyo anakimbizwa chumba cha upasuaji, jamaa wanaambiwa watafute wachangiaji wa damu, na hapo ndipo manung’uniko yanapoanza. Mbona tuliambiwa damu anayo? Nani aliyetudanganya?

Mara nyingi hakuna aliyedanganya, na mashine iliyotoa namba ile ni nzima. Tatizo ni kwamba namba inayoulizwa kuliko zote ndiyo inayosema machache zaidi katika saa ya kwanza, ilhali zile zinazosema mengi hazijulikani nje ya kuta za hospitali. Makala haya yanajaribu kueleza kila namba inasema nini, na inanyamazia nini.

Tuanze na maana. Vipimo vya kando ya kitanda ni vipimo vya damu vinavyofanywa pale pale alipolazwa mgonjwa, kwa mashine ndogo inayoshikwa mkononi au iliyowekwa juu ya meza ya kitengo cha dharura, bila ya sampuli kupelekwa maabara kuu. Mwenye kisukari aliye na kifaa cha kupimia sukari nyumbani anazo tayari mashine za ukoo huo. Zile zinazotumiwa kwa majeruhi hutaka matone machache, au mililita moja au mbili za damu, na nyingi hutoa majibu kwa dakika chache tu. Maabara kuu ina njia ndefu zaidi: sampuli ibebwe, isajiliwe, izungushwe kwenye mashine ya kutenganisha damu, isomwe, kisha majibu yarudishwe wodini, na kwa vipimo vya kuganda kwa damu safari hiyo inaweza kumaliza saa nzima. Mtu anayevuja damu ndani ya tumbo hana saa nzima ya kusubiri.

Majeruhi mahututi, kwa maana tunayoikusudia hapa, ni yule ambaye majeraha yake yanayahatarisha maisha yake sasa hivi, hata kama anazungumza na hata kama hakuna damu inayoonekana kwa nje. Wengi wa wanaokufa kwa kuvuja damu hufa katika saa za mwanzo, na aghalabu damu hiyo huwa haikumwagika sakafuni bali imejikusanya kifuani, tumboni au kwenye nyonga iliyovunjika. Ndiyo maana daktari hutafuta dalili ndani ya damu yenyewe.

Kuna hofu moja ya kuondolewa mapema: kwamba ni kumwonea mtu anayevuja damu kumtoa damu nyingine ya kupima. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, yaani kiasi cha mililita 70 kwa kila kilo ya uzito wake. Hata akipimwa mara kumi kwa mililita mbili mbili, zitakuwa zimetoka mililita 20, wakati mchangiaji wa damu mwenye afya hutoa mililita 450 kwa mkupuo mmoja na kurudi kazini. Hofu nyingine, kwamba vipimo hivi ni hila ya kumpima mtu Virusi vya Ukimwi bila ridhaa yake, pia haina msingi, kwani mashine tunazozizungumzia hazina uwezo wa kupima virusi hivyo.

Namba inayoulizwa na kila mtu

Ile “damu ngapi” ni kipimo cha himoglobini, protini ya rangi nyekundu inayobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi viungoni. Hupimwa kwa gramu katika kila mililita 100 za damu, na Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mwanamume mwenye chini ya 13, au mwanamke asiye mjamzito mwenye chini ya 12, ana upungufu. Neno la kushikilia hapo ni “katika kila mililita 100”. Kipimo hiki kinasema damu iliyobaki ni nzito kiasi gani; hakisemi imebaki kiasi gani.

Chukua dele la mwuza kahawa wa Mji wa Kale. Akishamimina nusu ya kahawa yake vikombeni, ile iliyobaki ndani ya dele imepungua kwa nusu, lakini uchungu wake ni ule ule, na anayeonja tone moja hawezi kujua kama dele limejaa au limekaribia kwisha. Uchungu utapungua pale tu mwuzaji atakapoongeza maji. Ndivyo ilivyo kwa anayevuja damu: chembe nyekundu na majimaji yake hutoka pamoja, kwa hiyo kinachobaki mishipani kina uzito ule ule wa awali. Mtu aliyepoteza lita moja na nusu dakika ishirini zilizopita anaweza kabisa kupimwa akakutwa na 12 au 13.

Maji huongezwa baadaye, kwa njia mbili. Mwili wenyewe huvuta majimaji kutoka kwenye nyama na kuyaingiza mishipani ili mzunguko usisimame, kazi inayochukua saa kadhaa. Na hospitali nayo huweka dripu. Hapo ndipo namba inapoanza kushuka, ikaonekana 9, kisha 7, na jamaa wakasema dripu ndiyo iliyoiharibu damu ya mtu wao. Katika lawama hiyo pana chembe ya ukweli. Dripu ya maji ya chumvi haibebi oksijeni wala haigandishi damu, na ikizidi huipunguza nguvu ile kidogo iliyobaki. Ndiyo sababu madaktari wa dharura siku hizi huitumia kwa uangalifu na kupendelea kurudisha damu kwa damu. Lakini sehemu kubwa ya kushuka huko ni hasara iliyokuwapo tangu mwanzo, ambayo kipimo cha kwanza hakikuweza kuionyesha.

Kwa hiyo, 10 ya mtu aliyeletwa moja kwa moja kutoka Buxton, mtaa wa hapa mjini, si sawa na 10 ya mtu aliyeumia upande wa Kwale, akawekewa chupa mbili za dripu kwenye zahanati, kisha akavushwa kwa feri ya Likoni. Huyu wa pili alitarajiwa kushuka. Yule wa kwanza, ambaye hajaongezewa tone la maji na ambaye ajali yake haina hata nusu saa, anapokutwa na 10, basi ama amevuja sana na kwa kasi, ama alikuwa na upungufu wa damu kabla ya ajali. Hilo la pili si jambo la nadra katika Pwani yetu, ambako malaria, upungufu wa madini ya chuma na ugonjwa wa selimundu huwafanya watu wengi kuishi na namba za chini na kufanya kazi nazo. Mwenye selimundu aliyezoea 8 akikutwa na 8 huenda hajapoteza kitu, ilhali mvuvi aliyezoea 15 akikutwa na 11 amepoteza kingi, japo kwenye karatasi 11 inapendeza kuliko 8.

Lingefaa kuishia hapo, lakini shinikizo la damu nalo, ambalo jamaa huliita presha, lina tabia kama hiyo. Damu inapopungua mwilini, mishipa hujibana na moyo huenda mbio ili presha isianguke, na kijana mwenye afya anaweza kufikia kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake kabla kipimo cha mkononi hakijaonyesha kuanguka kwa wazi. Mzee anayetumia baadhi ya dawa za moyo, kwa upande wake, anaweza asionyeshe hata mapigo ya haraka. “Presha iko sawa na damu iko kumi na mbili” ni maneno ya kweli yanayoweza kusemwa juu ya mtu aliye njiani kufa.

Namba zinazostahili kuulizwa

Seli za mwili zinapokosa oksijeni ya kutosha haziachi kufanya kazi mara moja. Hubadili njia ya kutengeneza nishati, na njia hiyo mbadala huacha mabaki yaitwayo lakteti, ambayo huingia kwenye damu. Mashine ndogo ya kando ya kitanda huisoma kwa dakika chache. Kwa mtu aliyetulia huwa chini ya milimoli 2 kwa lita, na kwa majeruhi ikipita 4 daktari huichukua kuwa onyo zito, hata kama presha na himoglobini zinatabasamu. Pamoja nayo husomwa kiasi cha asidi kilicholemea damu, ambacho wataalamu hukieleza kwa kipimo kiitwacho upungufu wa besi. Kwa mwenye afya hakipiti 2, na kikifika 6 au zaidi baada ya ajali, hatari ya kwamba mtu huyo atahitaji damu nyingi huwa imepanda sana.

Ona tofauti iliyopo. Himoglobini huuliza damu ni nzito kiasi gani, ilhali lakteti na upungufu wa besi huuliza kama viungo vinafikiwa na hiyo damu. Swali la pili ndilo linaloamua kama ini, figo na ubongo vitaamka kesho. Himoglobini bado ina kazi, hasa baada ya saa za mwanzo na wakati wa kuamua kuendelea au kuacha kuongeza damu, lakini kuifanya ndiyo hukumu ya mlangoni ni kuitwika mzigo isioweza kuubeba.

Na hata lakteti, kipimo kimoja hakitoshi. Hupanda kwa aliyekuwa akikimbia au kupigana dakika chache kabla ya kuchomwa kisu, kwa aliyepatwa na degedege, kwa mwenye ini bovu, na kwa mlevi wa kupindukia. Hivyo 4 ya kijana aliyetolewa kwenye ugomvi inahitaji kusubiriwa kidogo kabla ya kutafsiriwa. Ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya saa moja au mbili. Kama kinashuka, matibabu yanafika kunakohitajika. Kama kimeganda pale pale au kinapanda ingawa mgonjwa ameongezewa damu, kuna mahali pengine panapovuja na hapajaonekana. Nikiulizwa mimi, namba ya pili ina thamani kuliko ya kwanza, na jamaa anayelalamika kwamba “wanamchoma choma kila saa” analalamikia kile hasa kinachomlinda mgonjwa wake.

Kuna jeraha moja ambalo vipimo hivi haviligusi: la kichwa. Mwendesha bodaboda asiyevaa kofia ngumu anaweza kuwa na damu inayojikusanya ndani ya fuvu, na kwa kuwa fuvu halina nafasi ya kumeza damu nyingi, kiasi kidogo kinachotosha kuukandamiza ubongo hakitaonekana katika himoglobini wala katika lakteti. Huyo hujulikana kwa kuchunguzwa fahamu zake, macho yake na picha ya CT. Majibu mazuri ya damu si ruhusa ya kumrudisha nyumbani mtu aliyezimia. Kipimo pekee cha damu kisichosahauliwa kwa mtu asiye na fahamu ni cha sukari, kwa sababu sukari iliyoshuka sana hufanana na jeraha la ubongo, na tiba yake iko karibu.

Damu isiyotaka kuganda

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba damu ya majeruhi huacha kuganda kwa sababu ya dripu nyingi anazopewa hospitalini. Mwaka 2003 Karim Brohi na wenzake wa London walichapisha uchunguzi wa majeruhi zaidi ya 1,000, ulioonyesha kwamba takriban mmoja kati ya kila wanne walikuwa na kasoro ya kuganda kwa damu tayari wakati wa kufika hospitalini, na kwamba waliokuwa na kasoro hiyo walikufa kwa kiwango cha takriban mara nne ya wenzao. Jeraha lenyewe, pamoja na viungo kukosa damu, huvuruga mfumo wa kuganda na kuamsha ule wa kuyeyusha madonge ya damu iliyoganda. Asidi ikizidi na mwili ukipoa, hali huwa mbaya zaidi. Na mtu asidhani kwamba kwa joto la Mombasa hakuna anayepoa: aliyevuja damu, aliyelowa, aliyevuliwa nguo na kulazwa chini ya kiyoyozi hupoa upesi, na blanketi anayofunikwa ni sehemu ya tiba.

Vipo vifaa vya mkononi vinavyopima muda wa kuganda, vilivyobuniwa hasa kwa wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Vina manufaa kwa mzee anayetumia dawa hiyo akaanguka ngazini, lakini kwa majeruhi kwa jumla husimulia mwanzo tu wa hadithi. Mashine kamili zaidi huweka damu kidogo ndani ya kikombe kilicho na kipini katikati, kisha huchora namna donge linavyoanza, linavyokazana na linavyoyeyuka. Wazo hilo lilitoka kwa Mjerumani Hellmut Hartert mwaka 1948, na mashine za leo huanza kutoa picha yenye maana ndani ya kama dakika kumi. Kwa kuitazama, daktari huamua kama mgonjwa anahitaji plazima (majimaji ya damu), chembe sahani (chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda), au ile protini iitwayo faibrinojeni ambayo ndiyo nyuzi za donge.

Je, mashine hiyo huokoa maisha? Majibu yamegawanyika. Jaribio lililofanywa Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2016, kwa majeruhi 111, liliona waliotibiwa kwa kuifuata wakinusurika zaidi. Jaribio kubwa zaidi la hospitali za Ulaya, lenye washiriki 396 na lililochapishwa mwaka 2021, halikuona tofauti kwa jumla kati yake na vipimo vya kawaida vya kuganda. Kwa hiyo sioni haki ya kusema kwamba hospitali isiyo nayo inawatelekeza watu. Hospitali isiyo na damu kwenye jokofu ina upungufu mkubwa zaidi.

Na kuna tiba isiyosubiri mashine yoyote. Jaribio liitwalo CRASH-2, lililochapishwa mwaka 2010 baada ya kuhusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, lilionyesha kwamba asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu inayozuia madonge kuyeyuka, hupunguza vifo vya wanaovuja damu. Sharti lake ni muda: inafaa zaidi ikitolewa ndani ya saa moja, bado inasaidia kabla ya saa tatu, na ikitolewa baada ya saa tatu inaweza kudhuru. Anayezuia sindano hiyo hadi “majibu yarudi” anamtumikia mgonjwa vibaya, na hapa naona vipimo vinaweza hata kuwa kisingizio cha kuchelewa.

Upesi hauondoi uangalifu

Kundi la damu hujulikana kwa dakika chache, ila kulinganisha damu ya mpokeaji na ile ya mtoaji kunaweza kuchukua hadi dakika 45. Wakati hatari haingoji, hutolewa damu ya kundi O, ambalo nchini Kenya ndilo la watu wengi zaidi. Damu ya akiba ina sitreti ya kuizuia isigande mfukoni, na sitreti hiyo hushika kalsiamu ya mpokeaji, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige na damu inayahitaji ili igande. Kwa hiyo anayeongezewa damu nyingi hupimwa kalsiamu mara kwa mara kando ya kitanda na kurudishiwa iliyopungua.

Mashine hizi pia zina udhaifu wake. Nyingi hutumia vikasha vya kupimia vinavyotupwa baada ya kutumika mara moja, baadhi yake vikihitaji jokofu, na baadhi ya mashine hukataa kufanya kazi joto la chumba likipita nyuzi 30, kiwango ambacho Mombasa hukipita mchana mwingi wa Januari hadi Machi umeme ukikatika na kiyoyozi kikazimika. Damu ikitolewa kwenye mkono wenye dripu, mashine husoma dripu. Ikikamuliwa kwenye ncha ya kidole kilichopoa, majibu huyumba, kwa sababu damu katika kidole cha mtu aliyeishiwa damu haiendi sawa na ile ya mishipa mikubwa. Muuguzi anayechagua mkono wa pili na kuchoma upya, huku jamaa wakimkodolea macho kwenye upenyo wa pazia, huwa anaepuka namba ya uongo.

Yapo pia yasiyoonekana na mashine yoyote kati ya hizo, na anayeyajua ni jamaa aliyesimama mlangoni: saa ya ajali, idadi ya chupa za dripu zilizokwisha kuwekwa njiani, selimundu, mimba changa, pombe, na dawa anazotumia mgonjwa. Aspirini ya kila siku, kwa mfano, hulegeza kazi ya chembe sahani, lakini vipimo vya kawaida vya kuganda huipita bila kuiona, na mashine ile ya kuchora donge aghalabu huikosa pia. Dawa mpya za kuzuia kuganda zisizo warfarini nazo hazisomwi sawasawa na kifaa cha mkononi kilichotengenezwa kwa ajili ya warfarini. Basi anayebaki nyumbani aombwe kwa simu asome majina yaliyoandikwa kwenye pakiti za dawa za mgonjwa, au azipige picha na kuituma, na majina hayo yafikishwe kwa daktari wa zamu kabla ya mgonjwa kuingizwa chumba cha upasuaji.